Nani Atarudisha Ng'ombe? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hadithi za Wanawake Waliokataa, Ugogo 1945–1961

Ukurasa huu ni wa nani?

Ni wa wanaoandika na wanaosoma hadithi za kubuni zinazotokea Dodoma, Mpwapwa, Kongwa, Kondoa, Manyoni na Singida katika miaka ya mwisho ya mkoloni, hasa zile ambazo mhusika mkuu ni mwanamke aliyegoma kuishi kama alivyopangiwa. Naandika hadithi za aina hiyo, na haya ndiyo maswali yanayonijia kila ninapotoa sura mpya. Mengine ni ya wanafunzi, mengine ya watu wazima wanaotaka kuandika habari za bibi zao, na machache ni ya wazee wanaoona nawaharibia watoto.

Kwa nini 1945 hadi 1961? Kwa nini si zamani zaidi, au karibu zaidi?

Kwa sababu ndani ya miaka hiyo 16 mambo mengi yaligongana katikati ya nchi. Vita vimekwisha na askari wanarudi wakiwa wameona Burma. Mwaka 1947 matrekta yanaingia Kongwa. Miaka ya 1953 na 1954 mvua zinakatika na Ugogo inalia njaa. Julai 7, 1954 TANU inazaliwa. Shule za wasichana zinaanza kutoa watu wanaosoma barua zao wenyewe badala ya kusomewa.

Kuna na suala la umri. Mwanamke aliyekuwa na miaka 35 mwaka 1950 alikuwa mtoto mdogo wakati wa Mtunya, ile njaa kuu ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikwishachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zikakosekana, na mafua makali ya 1918 yakamalizia waliobaki. Zipo familia zilizoweka watoto rehani kwa wenye chakula. Mama aliyepita humo anapomwambia binti yake, "Mwanangu, olewa na mwenye ng'ombe," tusimwandike kama mtu mwenye tamaa. Anazungumza kama mtu aliyewahi kuona nyumba isiyo na ng'ombe inavyoisha.

Ni kweli wanawake wa wakati ule walikataa, au tunawavalisha mawazo yetu?

Hili naulizwa kuliko yote, na mara nyingi muulizaji anakuja na jibu lake mfukoni. Walikataa, ila si kwa namna tunayopenda kuisoma.

Tuanze na wale ambao majina yao yanajulikana. Singida inamkumbuka Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu aliyepambana na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye husimuliwa kuwa alitumia nyuki kuwashambulia. Kule Buha, nchi ya Waha upande wa Kigoma, Theresa Ntare alishika utawala wa Heru mwaka 1946 na akakaa barazani pamoja na watemi wanaume. Upare, katikati ya miaka ya 1940, wanawake waliingia barabarani kupinga mbiru, kodi iliyopimwa kwa mali ya mtu. Dar es Salaam alikuwepo Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa 1926 na kujulikana kwanza kwa uimbaji wa ngoma. Kuanzia 1955 aliongoza wanawake wa TANU na kupanda majukwaani karibu nchi nzima.

Sasa njoo Ugogo kwenyewe, kwa watu ambao majina yao hayakuandikwa. Balaa lilipoingia, tuseme maradhi ya mifugo, wanawake wa eneo walivaa mavazi ya kiume, wakashika mikuki na fimbo, wakachunga ng'ombe, wakaimba maneno ambayo siku nyingine yangewaletea kipigo, kisha wakalisindikiza balaa hadi mpakani na kulitupa huko. Wanaume walikaa pembeni wasiingilie. Na muheme, ngoma ya jando la wasichana, hupigwa na wanawake wenyewe, ngoma zimebanwa mapajani.

Kwa hiyo mwandishi anayesema "mila ilimfunga mdomo mwanamke wa Kigogo" hajaiangalia mila. Mila ilimpa mkuki, ikamwambia auweke chini jioni. Ninapotafuta mhusika, natafuta yule ambaye kesho yake alikuwa bado ameushika.

Mhusika anayehutubia juu ya haki zake kama mshiriki wa semina ni mtu wa leo aliyevalishwa kaniki. Wa wakati ule angeweza kukataa jambo kubwa kwa kusema "sijisikii vizuri" miezi mitatu mfululizo.

Mhusika wangu anakataa mume aliyechaguliwa. Nini kinafuata?

Kinafuata kile ambacho waandishi wengi wanakiruka: hesabu ya ng'ombe.

Mahari ya Kigogo haikuwa malipo ya mtu mmoja kwa mtu mmoja. Ng'ombe na mbuzi walichangwa na ndugu wengi wa upande wa mume, na walipofika walitawanywa kwa ndugu wengi wa upande wa binti, kwa baba yake, kwa baba wadogo, kwa wajomba. Mara nyingi kaka wa binti alioa kwa ng'ombe hao hao walioletwa kwa dada yake. Binti akikataa kabla ng'ombe hawajaingia zizini, hiyo ni aibu na ugomvi. Akikimbia baada ya kuolewa, kila aliyekula lazima atapike.

Hivi ndivyo nilivyoandika sehemu moja ya hadithi yangu. Baraza limekaa chini ya mbuyu. Karani ana daftari, lakini wazee hawaliangalii. Baba mdogo wa binti amepanga vijiti chini mavumbini, kila kijiti ng'ombe mmoja, na anavigusa kimoja kimoja kwa ncha ya fimbo.

"Huyu mwekundu ndiye aliyemwoa mke wa kaka yako. Huyu alikufa mwaka wa jua kali. Huyu yuko kwa mjomba wako Handali, amezaa mara mbili. Sasa mwanangu, niambie nianzie kwa nani."

"Baba, mimi sikula hata mmoja."

"Ndiyo. Wewe ndiye uliyeliwa."

Wasomaji kadhaa waliniandikia kuwa baba mdogo huyu ni katili. Mimi simwoni hivyo. Anasema ukweli wa mambo yalivyokuwa, na anaumia. Tazama pia mtu aliyekaa nyuma, ambaye hasemi kitu: wifi. Ng'ombe wakirudi, ndoa yake yeye ndiyo inayotikisika. Kwa hiyo binti anayepigania maisha yake anaweza kuwa ndiye anayembomolea nyumba mwanamke mwenzake, ambaye pengine alikuwa rafiki yake tangu kuchota maji. Hapo ndipo hadithi inapokuwa na uzito. Mhusika asiyemgharimu mtu yeyote kwa kukataa kwake anasomeka haraka na kusahaulika haraka.

Njia za kutoka zilikuwepo. Mwanamume mwingine aliweza kumtaka na kulipa ng'ombe wa kwanza. Ndugu waliweza kukubali kurudisha sehemu, hasa kama kulikuwa na watoto, kwa sababu watoto walihesabiwa upande uliotoa mahari. Mwanamke aliweza kwenda misheni, au kupanda treni na kuwaacha wapigane wenyewe. Kila njia ina mtu anayelipa, na kazi yako ni kujua ni nani.

Na mjane asiyetaka kurithiwa?

Naona ni mhusika bora kuliko binti, na simuoni akiandikwa vya kutosha. Ana shamba analolijua, ana kihenge chake cha nafaka, ana watoto wanaoanza kuwa na sauti. Shemeji anakuja kwa heshima zote, si kwa fimbo, na kumkataa ni kumkosea marehemu. Mpe miaka 40 na magoti yanayouma. Uone.

Mradi wa karanga wa Kongwa unaingiaje katika hadithi za wanawake?

Unaingia kwa miguu miwili. Serikali ya Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ikaamua kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa 1947, na mwaka uliofuata ikakabidhiwa shirika la serikali lililoitwa Overseas Food Corporation. Walileta matrekta yaliyochakaa vitani, na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Vichaka vya Kongwa vikayavunja. Mibuyu ikagoma kung'oka. Udongo wenye mfinyanzi ukakauka na kuwa mgumu kiasi kwamba karanga zilizoota hazikutoka ardhini, na mvua nayo haikusoma ratiba ya London. Januari 1951 mradi ulifutwa, zikiwa zimepotea takribani pauni milioni 36.

Hayo yote yanajulikana, na mwandishi akiyaeleza kwa kurasa kumi msomaji analala. Kinachonivutia ni upande wa pili: vibarua wa kiume kwa maelfu, kutoka kila pembe ya nchi, wana mshahara mkononi na hawana wake. Tawi la reli linatoka Msagali kuelekea Kongwa. Kuna kambi za mahema, lori za maji na vumbi jekundu. Bei ya mtama inapanda vijijini. Nani anapika? Nani anapika pombe? Nani anafua?

Mwanamke anayejua kutengeneza pombe ya mtama aliweza, pale Kongwa, kushika fedha taslimu ambazo mumewe hakuwahi kuzishika. Zilikuwa shilingi na senti za Afrika Mashariki, zile senti 10 zenye tundu katikati ambazo unaweza kuzitunga kwenye kamba na kuzifunga kiunoni chini ya kaniki. Namwona akilala nazo na kugeuka polepole zisilie. Hapo una mwanamke ambaye kwa mara ya kwanza anaweza kununua ng'ombe mnadani, kwa kumtuma kaka yake. Swali la nani atalipa mahari linabadilika kabisa, maana sasa anaweza kuwa yeye.

Lakini usiifanye Kongwa kuwa peponi. Kibali cha pombe kiliombwa kwa wakubwa, asiye nacho alipigwa faini na mitungi yake ikamwagwa. Mwaka 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasambaa kufuata reli hadi vibarua wa Kongwa nao wakaweka vifaa chini. Mpika pombe wa kambini siku hiyo ana wateja wengi wasio na fedha. Na mwaka 1951 kambi zinapofungwa, yeye hana fidia. Waandishi humaliza na matrekta yaliyoachwa porini. Nawaomba wamfuate mama huyu anakorudi kijijini na kamba yake ya senti, na jinsi anavyopokelewa.

Je, alikuwa lazima awe msomi ili akatae?

Hapana. Wengi wa wanawake waliobeba TANU mwanzoni Dar es Salaam walikuwa watu wazima, wengi wameachika, shule hawakuipata, wanaishi kwa kuuza maandazi na pombe, na mtandao wao ulikuwa vikundi vya ngoma. Mwalimu wa kike alikuwa mwajiriwa, na barua moja ingetosha kumwondoa kazini. Muuza maandazi hakuwa na mtu wa kumfukuza.

Basi shule na misheni tuziandikeje?

Kwa macho mawili. Waanglikana wa CMS, shirika la wamisionari, kutoka Australia walikuwa na hospitali Mvumi na shule ya wasichana huko huko, katika himaya ya Mtemi Mazengo. Wakatoliki walikuwa Bihawana na Kondoa, Mpwapwa kulikuwa na mafunzo ya ualimu. Msichana aliyefika hapo alijifunza kusoma, kushona, kuhudumia wagonjwa, kuzalisha. Wapo waliorudi nyumbani na sindano, na baba aliyekataa wasisome ndiye wa kwanza kunyoosha mkono.

Ila misheni ilikuwa na kengele ya kuamka, kengele ya kula na kengele ya kulala, na orodha ndefu ya mambo ambayo msichana mwema hafanyi. Aliyekimbia amri za baba mdogo alizikuta amri za Bibi Mzungu. Nimesoma miswada mingi ambayo geti la misheni ndilo mwisho wa hadithi, msichana anaingia na jua linachomoza. Mimi ningeanzia hapo.

Kisha kuna uamsho. Ulipofika katikati ya nchi, waliookoka walisimama mbele ya watu na kuungama, wakakataa pombe na ngoma. Mke aliyesimama na kutaja dhambi hadharani, huku mumewe ambaye ni mzee wa kanisa ameinamisha kichwa, alikuwa anafanya kitu ambacho baraza la wazee lisingemruhusu. Na mwanamke yuleyule alimkana dada yake mpika pombe. Ukipata dada wawili wa namna hii una riwaya nzima, hauhitaji Mzungu hata mmoja.

Niandike tohara ya wasichana?

Ukikwepa, hadithi ya Ugogo au ya Kondoa ya miaka hiyo itakuwa na tundu. Ukiiandika kwa kutafuta kushtua, utakuwa umewadhalilisha watu kwa mara ya pili. Ninaiandika kupitia yanayoizunguka: muheme inayosikika tangu usiku, chakula kinachopikwa, binti mdogo anayehesabu waliomtangulia, mama anayetaka mwanawe asichekwe. Kukata kwenyewe sikuandiki. Kumbuka pia kwamba 1950 hapakuwa na sheria iliyosema walichokifanya ni kosa. Sheria ya kuwalinda walio chini ya miaka 18 ilikuja 1998. Mhusika anayekataa kwa ajili ya binti yake anakataa peke yake, bila polisi wala shirika nyuma yake, na mpinzani wake mkubwa huenda akawa mama mkwe anayempenda mjukuu kwa dhati.

Mhusika wangu anapiga kura 1958. Sawa?

Angalia sifa zake kwanza. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura alichagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ili kuandikishwa, mtu alitakiwa awe na miaka 21, na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Wanawake wa vijijini walioangukia humo walikuwa wachache mno. Mwalimu wa shule ya kati anaweza. Mke wa mfugaji mwenye ng'ombe mia hawezi, na hiyo ni kejeli ambayo ningeitumia.

Kazi ya wengi ilifanyika kabla ya sanduku la kura: kuuza kadi, kupika siku ya mkutano, kulaza wageni wa chama huku mume anajifanya hajaona, kupeleka habari kwenye kisima ambako hakuna mpelelezi wa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kizungu. Mambo haya hayapigwi picha, kwa hiyo ni mali ya mwandishi.

Wanawake wa Kizungu na wa Kihindi wana nafasi?

Wanayo, mradi wasiwe wakombozi. Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey alipiga kambi Kondoa kwa miezi kadhaa akinakili michoro ya miambani katika maeneo kama Kolo, Cheke na Kisese, michoro ambayo mwaka 2006 iliingia kwenye Urithi wa Dunia. Mwanamke wa miaka ile anayeishi porini kwa ajili ya kazi yake ni habari. Lakini miamba ya Kolo ilikuwa na wenyewe, watu waliokwenda kuomba mvua na uponyaji pale kabla ya karatasi zake za kunakilia na hadi leo. Ningependa kusoma hadithi ya mama wa Kirangi anayempelekea maziwa na kumtazama mgeni huyu akifuata kwa kalamu mistari ambayo bibi yake alimwonya asiiguse.

Wahindi wa Dodoma tunawaandika kama kaunta na mizani tu. Nyuma ya duka pale mitaa ya Uhindini kulikuwa na mabinti wanaojua hesabu kuliko kaka zao na ambao posa zao zilitoka mbali. Hao nao walikuwa na mahari, na wajomba.

Ni vitu gani vinaniharibia hadithi bila mimi kujua?

Neno "Tanzania" kabla ya 1964. Dodoma kuitwa makao makuu ya nchi. Uamuzi huo ni wa 1973, na mji wako wa 1950 ni boma la Jimbo la Kati, stesheni, soko, maduka, hoteli ya reli na vumbi. "Mkuu wa mkoa" na "mkuu wa wilaya": andika PC (Provincial Commissioner) na Bwana Shauri. Mashamba ya zabibu hadi upeo wa macho ni ya baadaye. Shilingi ya Tanzania ni ya 1966. Ndoo ya plastiki kisimani: maji yalibebwa kwa debe, mtungi na kibuyu. Redio iko kwa wachache sana, maana matangazo ya Dar es Salaam yenyewe yalianza 1951. Sheria ya Ndoa ni ya 1971, kwa hiyo mhusika wako hana kifungu cha kumtajia hakimu.

Chakula: ugali wa uwele au mtama, mlenda, maziwa ya mgando, ubuyu. Nimekutana na mhusika wa Bahi, mwaka 1948, anakula chipsi. Sisemi zaidi.

Mazungumzo yawe Kigogo au Kiswahili?

Kiswahili, na Kigogo pale ambapo Kiswahili kingekuwa uongo: salamu, wimbo, tusi, jina la ng'ombe. Mtu akiingia uani akasema "Mbukwenyi" na akaitikiwa, msomaji wa Pemba ataelewa bila maelezo. Kijijini wakati ule Kiswahili kilikuwa lugha ya boma, ya gari moshi, ya sala na ya kambi za Kongwa, kwa hiyo mwanamke anapokitumia au kukikwepa anasema kitu.

Nitapata wapi habari za kweli?

Kwenye majalada ya Jimbo la Kati na vitabu vya wilaya vilivyo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na kwenye Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza 1923. Ukilisoma utakuta barua na mashairi ya wanaume wakilalamikia wanawake wa siku hizi. Malalamiko ni ushahidi mzuri. Hakuna mtu anayelalamikia jambo ambalo halitokei. Majalada ya kesi za mahari nayo yana hazina, ila yameandikwa na karani mwanaume kwa ajili ya Mzungu, na maneno ya mwanamke yamebaki mstari mmoja: "Mke anasema hataki." Mstari huo ndio tunaofanyia kazi.

Halafu kuna wazee walio hai, na muda si mwingi. Usimwendee bibi na swali la "Je, mlinyanyaswa?" Atakwambia "Tulikuwa tunaishi vizuri tu, mjukuu wangu," na atakuchemshia chai. Muulize vitu. Kiangazi mlikuwa mnachota maji wapi? Atakueleza mchanga wa korongo, shimo linavyochimbwa kwa mikono, maji yanavyojikusanya taratibu chini, kibuyu kinavyoteremshwa, na nani alistahili kuchota kwanza. Muulize kuhusu kusaga. Atapiga magoti akuonyeshe, mgongo umekunjwa, mikono inasukuma jiwe juu ya jiwe, na katikati ya kuonyesha ataanza wimbo wa kwenye jiwe la kusagia. Sikiliza maneno. Wanawake waliimba pale walichoshindwa kukisema mezani, wakijua mume yuko upande wa pili wa ukuta wa tembe anasikia, naye hawezi kumgombeza mtu anayemsagia unga.

Naweza kutumia kisa cha bibi yangu na jina lake?

Kisa, kwa ruhusa yake. Jina, badili. Badili na kijiji, na idadi ya watoto. Dodoma ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye ramani, na waliorudisha ng'ombe mwaka 1952 wana wajukuu wanaokaa nyumba ya tatu kutoka kwako. Kama bibi ameshafariki, waulize wanawe wote, si yule mmoja anayekupenda.

Wanaume katika hadithi zako mbona si wabaya vya kutosha?

Wabaya wapo. Mume anayepiga anaandikwa anapiga. Lakini nina shida na baba asiye na sababu. Baba wa 1950 anadaiwa kodi ya kichwa, amepoteza ng'ombe kwa ukame, ana mtoto wa kiume wa kuozesha na mtemi anayemtazama. Akiandikwa na vyote hivyo, binti anayemkataa anakuwa na kazi ngumu zaidi, maana anamkataa mtu anayemwelewa.

Lazima mwisho ashinde?

Hapana, na wala asishindwe ili tuhuzunike. Waandishi wengi humfikisha Desemba 1961, bendera inapanda, machozi. Bendera ilipanda, na asubuhi yake vijiti bado vilikuwa vinahesabiwa barazani. Mhusika wangu alirudisha ng'ombe watano, akasamehewa wawili, na wa mwisho anaendelea kudaiwa hadi ukurasa wa mwisho. Mdai ni kaka yake.

Nimeandika sura tatu. Nikutumie?

Tuma moja, na isiwe ya kwanza. Sura za kwanza karibu kila mtu anaziandika vizuri. Ichapwe, usinipigie picha kurasa za daftari. Ukitaka maoni juu ya Kiswahili chako, sema mapema, kwa sababu vinginevyo nitasoma hadithi tu. Kati ya Desemba na Machi majibu yanachelewa, niko shambani.